Simu Tusiyoikata

Jikoni kwetu, kando ya friji, tumesimamisha kishikwambi cha zamani chenye ufa kwenye pembe ya kioo. Hakina katuni wala michezo. Watoto wakisharudi jioni, mmoja wao hukibonyeza, na ndani yake hutokea mama yangu akiwa Lindi, anachambua mchele au anakuna nazi. Mara nyingine haonekani yeye, unaonekana upindo wa kanga na kipande cha ukuta. Simu hiyo haikatwi mpaka mtu aage kwenda kulala. Katika saa mbili, maongezi yenyewe yanaweza yakawa ya dakika 10. Muda uliobaki ni milio ya sufuria, huko na huku.

Natengeneza programu za kompyuta, na tangu Novemba 2021 naifanya kazi hiyo hapa Berlin. Vifaa nimenunua vingi. Katika vyote hivyo, ni hicho chenye ufa tu kilichotufaa kama familia, na ningependa kila ndugu yangu aliyehama kwa ajili ya kazi aelewe kwa nini.

Tulipofika, shida ya kwanza ilikuwa ndogo kabisa: plagi. Kwetu ni za miguu mitatu bapa, hapa ni za miguu miwili ya mviringo. Umeme wenyewe ni uleule wa volti 230, kwa hiyo pasi na blenda ya mke wangu zilifanya kazi siku hiyohiyo, ilitosha kununua adapta. Nikadhani na sisi wenyewe tutakuwa hivyohivyo, tukipata adapta mambo yatakwenda.

Mimi yalinienda. Nilikuwa na ofisi, wenzangu, na kazi niliyoizoea kwa lugha niliyoizoea. Mke wangu ni muuguzi. Sheria ilimruhusu kufanya kazi tangu siku ya kwanza, kwa sababu mimi niliingia kwa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha wataalamu wa kigeni, lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kuweza ni jingine. Muuguzi aliyesomea nje lazima vyeti vyake vitambuliwe kwanza, na kwa kawaida anatakiwa Kijerumani cha kiwango cha B2. Hiyo ni miaka ya kusoma, na alikuwa na mtoto wa miaka miwili na nusu mgongoni, katika nyumba ya ghorofa ya nne, wakati jua linazama kabla ya saa kumi jioni.

Na mimi majira hayo nilinunua nini? Hedifoni za kuzuia kelele, skrini ya pili, kiti, na saa janja inayotetemeka mkononi kila mfumo wa kazini unapokwama. Nikivitazama leo naona kila kimoja kilikuwa cha kunitoa nyumbani nikiwa nimo ndani. Siku moja mke wangu alisimama mlangoni mpaka nikazivua zile hedifoni, akasema, “Wewe ukifunga huu mlango unakwenda kwa watu. Mimi ukiufunga nabaki na nani?” Sikuwa na jibu, na sikuwa na programu ya kuliandika.

Nyumbani tulikuwa tunapiga simu, ndiyo. Kila Jumapili. Mtoto anavalishwa gauni, anashikiliwa mbele ya kioo: “Haya, mwamkie bibi.” “Shikamoo bibi.” “Marahaba, mke mwenzangu, hujambo?” Kisha kimya. Mtoto anatazama pembeni, sisi tunamsukuma, “Mwambie bibi umekula nini,” na mama kule anacheka kicheko cha kumsaidia. Baada ya dakika nne mtoto ameshakimbia. Tulivyoendelea hivyo ndivyo binti yetu alivyofikia kuamini kwamba shikamoo ni neno la simu. Dada yangu alipompa simu mwanawe wa mwaka mmoja, binti yangu alimwamkia shikamoo kwa heshima zote. Watu wazima walicheka. Mimi nilishindwa kulala. Neno ambalo mimi nililibeba kila asubuhi kutoka mlango hadi mlango, kwa mzee mwuza kahawa, kwa mwalimu, kwa jirani anayefagia uwanja, kwake yeye lilikuwa kitufe.

Kulikuwa pia na spika janja, zawadi tuliyopewa. Unaiambia iwashe taa, iimbe, ieleze hali ya hewa. Haikujua Kiswahili. Mtoto akagundua upesi kwamba ndani ya nyumba hii kuna mmoja anayetii Kijerumani papo hapo, na wawili wanaosema Kiswahili ambao kila mara wanamwambia asubiri. Tusishangae alichagua lugha ipi. Niliirudisha kwenye boksi lake, na haijatoka humo hadi leo.

Simu isiyokatwa haikuwa ubunifu wangu. Ilikuwa Januari 2023, mke wangu alikuwa anamuuliza mama namna ya kuzuia tui lisikatike, simu ameiegemeza kwenye mkebe wa chumvi. Mboga ikaiva, tukala, simu imesahauliwa palepale. Mama naye kwake aliendelea na shughuli zake. Binti yangu akaja na karatasi yake akaanza kuchora, na bila mtu kumsukuma akauliza, “Bibi, hiyo sauti ni ya nini?” Ilikuwa kuku. Wakaongea habari za kuku nusu saa. Mtoto aliyeshindwa kumaliza dakika nne.

Nadhani tunakosea tunapoifanya simu ya nyumbani kuwa ugeni. Mgeni anaketishwa sebuleni, anaulizwa habari, anajibiwa nzuri, na kila mtu anangoja aondoke ili arudi kwenye maisha yake. Bibi wa Kiswahili hakulea wajukuu kwa kuwauliza habari. Aliwalea kwa kuwapo, amekaa kwenye mkeka anasuka ukili, na watoto wanapita mbele yake mara mia kwa siku.

Sisemi ni bure. Upande wa mama bando linakwisha haraka, kwa hiyo mara nyingi tunazima picha tunabaki na sauti, na vifurushi vyake nanunua mimi. Laini yangu ya Tanzania iko hai mpaka leo kwa ajili ya M-Pesa. Kuna mpwa wangu anayekaa na mama, anayechaji simu, anayeiinua ikianguka. Bila kijana huyo hakuna jambo hata moja ninaloeleza hapa lingewezekana, na nasikitika kwamba tukisifia teknolojia tunamsahau yeye aliyeshika simu.

Rafiki yangu mmoja aliniambia huko ni kumchunguza mzee wa watu. Neno lake lilinigusa, nikaenda kumuuliza mama mwenyewe. Tukapatana hivi: kukata ni haki yake, si yetu. Akitaka faragha anaitandikia simu kanga, tunaona giza tu, na hatuulizi. Akija mgeni anaambiwa kwanza kwamba watu wa Berlin wamo. Wengine wanakataa, inazimwa. Wengine wanavuta kigoda.

Ninalotaka kulisema zaidi ni habari ya saa.

Binti yangu alijifunza saa shuleni, kwa Kijerumani. Akaja nyumbani na swali: kwa nini 7 inaitwa saa moja? Nikamjibu kihandisi, kwamba unatoa 6. Akatoa 6, akapata jibu sahihi, na nikaona machoni kwamba hajaridhika. Alikuwa na haki. Hapa Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku na Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Ukimwambia mtoto wa Berlin kwamba saa moja ni saa ya kwanza baada ya kucha, atatazama dirishani akuone mwongo. Saa zetu zilitungwa na watu walioishi karibu na Ikweta, mahali ambapo mchana na usiku hugawana siku karibu sawasawa mwaka mzima.

Kilichomfundisha ni dirisha la bibi. Jioni baada ya jioni alisikia, “Saa kumi na mbili hii, kuku waingie.” Kisha mwanga wa dirisha unakuwa mwekundu, kisha adhana ya magharibi, bibi anakwenda kuswali, na akirudi kumekuwa giza, anasema, “Saa moja, usiku umeingia.” Siku moja binti yangu alinigeukia na kunieleza mimi: saa moja ni ya kwanza ya usiku, ndiyo maana inaitwa moja. Alinieleza kana kwamba sijui. Nikamshukuru.

Usiku huo niliandika programu fupi sana, pengine fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, inayoonyesha juu ya kishikwambi saa ya Lindi kwa Kiswahili. Inasoma kanda ya Africa/Dar_es_Salaam (ambayo katika hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani ni jina jingine tu la Africa/Nairobi), inatoa 6, inaandika asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kazini nalipwa kwa mifumo mikubwa. Hii ndiyo inayosomwa na wanangu kila siku.

Baadaye tukaanza kutoka na bibi, simu mfukoni. Tunaishi Wedding, sehemu mojawapo ya Berlin, kwenye mitaa iliyopewa majina ya Afrika zamani za ukoloni. Mtaa wa Sansibarstraße uko hapa. Agosti 2024 barabara ya Petersallee, ambayo mwanzoni ilipewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, iligawanywa na kupewa majina mapya, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mama aliomba asomewe kibao mara mbili. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi, mkoa huohuo wa Lindi.

Lakini siku ambayo siisahau ni ya makumbusho ya elimu ya viumbe, pale Invalidenstraße. Ukumbi wa kwanza una mifupa ya yule dinosaria, mjusi mkubwa wa kale wa Tendaguru mkoani Lindi, amesimamishwa, urefu wake juu ni mita 13.27. Aliletwa kutoka kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, na mifupa na mawe yake vikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Mwanangu mdogo, ambaye bibi humwita mume wangu, alizaliwa hapa na Lindi anaijua kwa sauti tu. Akaitoa simu, akaielekeza juu. Tukamsikia mama amenyamaza. Kisha akasema polepole, “Huyo wa kwetu. Walimbeba wazee wa huku.” Mtoto akamshika mtu mzima wa kwanza aliyepita karibu, Mjerumani asiyemjua, akamwonyesha mifupa, akamwambia kwa Kiswahili: “Huyo wa kwetu.”

Naijua hoja ya upande wa pili, kwamba ukiwafunga watoto kwa nyumbani hawatakuwa na mizizi hapa. Sijaona hivyo. Kijerumani chao ni safi kuliko changu kitakavyowahi kuwa, marafiki wanao tele, na chekechea ya Berlin, ambayo mzazi halipi ada bali chakula, imewalea vizuri. Mke wangu alimaliza B2 akiwa na mama sikioni, anamtafsiria kila sentensi mpya, na sasa yuko wodini. Naamini alipata nguvu za kwenda kwa watu wa hapa kwa sababu hakuwa peke yake nyumbani.

Jambo hili lina udhaifu wake, tumeuona. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Ilikuwa Siku ya Mama. Kishikwambi kikazungusha duara lake bila kupata mtu. Mwanangu alikuwa na miaka miwili, na hakuuliza kama simu imeharibika. Aliuliza, “Bibi kaenda wapi?” Jioni tulimpata kwa simu ya kawaida, ile ya kulipia kwa dakika, yenye mkwaruzo. Tangu hapo namba hiyo imeandikwa kwa kalamu ukutani, na binti yangu anaijua kwa moyo.

Namba amezijulia wapi? Kwenye LUKU. Umeme wa mama nanunua mimi kwa simu, na ujumbe unakuja na tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Zamani nilikuwa nazituma tu. Sasa anazisoma yeye, nne nne, na mpwa wangu kule anabonyeza.

Wiki iliyopita umeme uliisha katikati ya hadithi. Kioo kikawa cheusi, sauti ya mama ikabaki: “Mke mwenzangu, tumo gizani.” Nikanunua, ujumbe ukaingia, binti yangu akapanda kwenye kigoda akaanza kusoma. “Sita, nne, sifuri, mbili.” “Haya.” “Tisa, tisa, moja, tano.” “Rudia hiyo.” Akarudia, taratibu, kama mtu anayemshika mzee mkono kwenye ngazi. Baada ya tarakimu ya mwisho kulikuwa na kimya kidogo, halafu mlio wa mita, halafu jiko lote la Lindi likaonekana kwa pamoja: mkungu wa ndizi, ukuta, kanga, na mama akifumba macho kwa mwanga.

“Ahsante, mke mwenzangu,” akasema. “Haya, sungura tulimwacha wapi?”