Nesi akiandika dawa peke yake

Katika zahanati nyingi za vijijini Kisumu, anayempima mgonjwa, anayeandika dawa na anayeihesabu mkononi ni mtu mmoja: nesi. Wapo wanaotaka kazi ya kuandika dawa iachiwe daktari na afisa wa kliniki, na hoja yao ina uzito. Hospitali kubwa, kosa la kwenye cheti hunaswa na mfamasia. Zahanatini hakuna wa kulinasa. Mtoto wa chini ya kilo 15 hupewa kidonge 1 cha AL, dawa ya malaria, kila dozi; akizifikisha, 2. Mizani ikiharibika na uzito ukakisiwa, dozi hukosewa na hakuna anayeshtuka.

Lakini kumkataza nesi ni kumfungia mgonjwa mlango. Malaria ya ukanda wa ziwa haingoji nauli ya kwenda mjini ipatikane. Hata Uingereza, yenye madaktari wengi kutuzidi, iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika karibu dawa zote tangu 2006.

Ugumu uko kwenye uamuzi wenyewe. Mtoto wa miezi 18 ana homa na kikohozi, kipimo cha haraka hakionyeshi malaria, na mama aliyetembea tangu alfajiri anataka dawa. Kumpa AL ili mama aridhike ni kumtibu mama kupitia mwili wa mtoto. Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima; ukihesabu robo dakika na kuzidisha, pumzi moja uliyoikosa inakuwa nne. Zikifika 40 (kwa wa miezi 2 hadi 11, 50) ni nimonia: akiwa na kilo 10, amoksilini ya kuyeyusha ya miligramu 250, vidonge 2 asubuhi na 2 jioni, siku 5. Akishindwa kunywa au akipata degedege, apewe dozi ya kwanza ya antibayotiki kwa sindano na rufaa papo hapo.

Pumzi zisipofika hapo na pasipo dalili ya hatari, asipewe antibayotiki. Ila asirudishwe mikono mitupu: mama aambiwe dalili za kumrudisha na siku ya kurudi, azirudie kwa maneno yake. Kutoandika dawa nako ni uamuzi, na sababu yake iingie daftarini.

Kwa maoni yangu ruhusa ibaki, macho yaongezwe: afisa wa kliniki wa kituo cha afya kilicho karibu alipitie daftari hilo kila mwezi, akiwa ameketi na nesi mwenyewe.