Sifa zinazowanyima maarifa wapiga picha wa Dar

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wanaopiga picha kwa mapenzi tu hapa Dar es Salaam, kuna mvutano usiokwisha: tusifiane tu, au tukosoane? Mtu ameamka alfajiri, amekwenda Coco Beach, amepiga jua likichomoza baharini. Picha inaingia kwenye grupu na majibu yanamiminika: "Kali sana kaka", "Umeua", na emoji za moto. Hakuna anayesema kwamba mstari wa bahari umelala upande.

Wanaotetea sifa wana hoja nzito. Wengi humo ni makarani, walimu, wanafunzi wa chuo, vijana wa maduka ya Kariakoo. Hakuna anayewalipa. Wengine wana simu tu, hawajawahi kushika kamera. Ukimsahihisha mtu kama huyo mbele ya grupu zima, kesho hatumi tena, na wasichana ndio huwa wa kwanza kunyamaza. Urafiki wenyewe nao si jambo dogo. Grupu ndilo linalokukutanisha na mtu wa Mbagala wakati wewe unakaa Tegeta, mkatembea pamoja Posta Jumapili asubuhi, kwa sababu peke yako na kamera begani ungeogopa kuporwa.

Bado nasimama upande wa ukosoaji, na sababu yangu kubwa ni mwanga. Tupo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupanda haraka, mwanga laini wa asubuhi unakwisha upesi, na kufika saa tatu kivuli cha paji kimeshafunika macho ya unayempiga. Mafunzo mengi ya YouTube yametengenezwa na watu wa nchi ambako jua la jioni hukawia kuzama. Halafu kuna ngozi zetu. Mpige mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe juani: kamera ikitafuta mwanga wa uso, kanzu inaungua, yaani inabaki nyeupe tupu, ikifuata kanzu, uso unakuwa giza. Anayejua atakwambia umsogeze kibarazani penye kivuli, au upunguze mwanga kidogo kisha uunyanyue uso baadaye kwenye faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera haijaichakata. "Kali sana" haimfikishi mtu huko. Hata ruhusa hufundishwa na wenyeji: pale soko la samaki la Ferry uanze kwa salamu na kuomba, na ukiwa maeneo hayo hayo usielekeze kamera Ikulu.

Lakini wakosoaji nao huonea watu. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana, na taarifa za kamera, kama kasi ya shata (kile kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga) na ukubwa wa tundu la lenzi, hupotea. Mtu anaambiwa "mkono umetikisika" ilhali picha yake halisi iko safi kabisa. Itumwe kama dokumenti, au mtumaji aandike alivyoipanga kamera, ndipo tuzungumze.

  

Ningependa grupu likubaliane hivi: anayetaka kusahihishwa aandike "naomba maoni", na asiyeandika apewe pongezi zake aende. Anayekosoa ataje jambo moja la picha, si la mtu, na awe tayari kuweka ya kwake ikosolewe. Kwa mgeni, maoni yaende inboksi kwanza. Wapo watakaosema hili litapunguza uchangamfu. Litaupunguza kidogo, nakubali. Ila hasara ya sifa tupu haimwangukii mpiga picha peke yake. "Umeua" za muda mrefu humpa mtu ujasiri wa kupokea kazi ya sendofu au harusi. Anaingia ukumbini, taa ni za zambarau, dari ni jeusi, bibi harusi yuko mlangoni, na familia iliyolipa ndiyo inayokuja kugundua yale ambayo marafiki zake waliyaona siku zote wakanyamaza.