Yadi Hazinunuliwi kwa Boksi la Mipira

Simama mbele ya rafu ya mipira ya gofu usome yaliyoandikwa kwenye maboksi. Karibu yote yanaahidi kitu kimoja: umbali. Ndiyo maana swali ninaloulizwa na wachezaji wenzangu kuliko yote ni hili: nikibadilisha mpira, draiva yangu, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, itafika mbali zaidi? Jibu langu ni kwamba aina ya mpira inabadilisha umbali kweli, ila kwa kiasi kidogo mno kiasi kwamba hakifai kuwa sababu ya kuuchagua. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nawaona wachezaji hodari wakitumia mapigo ya ziada karibu na shimo kwa ajili ya yadi tatu nne walizoahidiwa kwenye tii, pale pigo la kwanza linapoanzia.

Kwanza kuna sheria, ambayo wengi husahau ipo. Mpira wowote unaoruhusiwa mashindanoni umepimwa na watunga sheria wa gofu, USGA ya Marekani na R&A ya St Andrews, Scotland. Uzito wake hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, na kipenyo hakiruhusiwi kupungua milimita 42.67. Tangu 1942 USGA imeweka kikomo cha kasi ambayo mpira unaondoka nayo: futi 250 kwa sekunde, na nafasi ya asilimia 2 juu yake. Mwaka 1976 kikaongezwa kikomo cha umbali wenyewe. Kipimo kilichotumika tangu 2004 ni cha mashine inayouchapa mpira kwa fimbo iendayo kasi ya maili 120 kwa saa, na mpira haupaswi kupita yadi 317, ukiacha yadi 3 za ziada zinazosamehewa. Orodha ya mipira iliyofaulu hutolewa upya kila mwezi.

Maana yake ni kubwa. Kampuni kubwa zote zilikwisha kufika kwenye ukuta huo miaka mingi iliyopita. Mipira yao bora imebanana chini ya dari lilelile, na hakuna aliyegundua siri ya kulipenya bila kufukuzwa kwenye orodha. Ukiona mpira mmoja halali unauacha mwingine kwa mbali, mara nyingi si kwamba huo wa mbele ni wa ajabu. Ni ule wa nyuma uliotengenezwa kwa lengo lingine, kama vile kumpa mchezaji hisia laini mkononi, ukabaki chini ya kikomo.

Sasa tuangalie kinachotokea draiva inapokutana na mpira. Mgusano huo huchukua takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Mpira ukishaondoka, safari yake imeamuliwa na mambo matatu: kasi, pembe ya kupaa, na mzunguko wa kurudi nyuma. Kasi na pembe hutoka kwako kwa sehemu kubwa. Mpira wenyewe huchangia kidogo katika kasi, na zaidi katika mzunguko. Kisha vijishimo vya juu ya ngozi yake hufanya kazi yake hewani.

Vijishimo hivyo havikuwekwa kwa urembo. Mpira wa uso sawa usio navyo, ukipigwa kwa nguvu ileile, hufika karibu nusu tu ya umbali. Vijishimo huvuruga tabaka jembamba la hewa linalougusa mpira, na hewa hiyo iliyovurugika huushikilia mpira kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nao, hivyo mkia wa hewa unaouvuta nyuma unakuwa mdogo. Mzunguko wa kurudi nyuma nao huunyanyua. Mwingereza William Taylor ndiye aliyepata hataza ya vijishimo vya namna hii mwaka 1905, na mpaka leo kampuni zinahangaika na idadi, kina na mpangilio wake. Mabadiliko madogo sana ya kina hugeuza urefu wa kupaa kwa mpira.

Hapo kwenye mzunguko ndipo hadithi za vijiweni huchanganyikiwa. Mpira wenye mzunguko mwingi kutoka kwenye draiva hupanda juu, hupunguza mwendo, kisha hudondoka bila kuviringika. Wenye mzunguko mdogo kupita kiasi hukosa kinachounyanyua, ukaanguka mapema. Kila mchezaji ana kiwango chake kinachomfaa, kulingana na kasi ya fimbo yake na namna anavyoupiga, kwa kuinua au kwa kushusha. Mchezaji anayezungusha mpira kupita kiasi akihamia mpira wa mzunguko mdogo anaweza kuongeza yadi kadhaa za kweli. Mwenzake ambaye tayari ana mzunguko mdogo akiununua mpira huohuo, anapoteza. Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba mpira fulani ni mrefu, anasema ukweli kuhusu mapigo yake mwenyewe, na huenda hauhusiani na wewe hata kidogo. Angalia Titleist wenyewe, kampuni ya mipira ya gofu: Pro V1x huruka juu zaidi na kuzunguka zaidi kuliko Pro V1, na AVX huruka chini na kuzunguka kidogo kuliko zote mbili. Kama mpira mmoja ungekuwa mrefu kwa kila mtu, kampuni isingekuwa na haja ya kuuza yote mitatu kwa wachezaji walewale makini.

Najua imani ya mpira wa miujiza imetoka wapi, na haikutoka hewani. Historia ya gofu ni historia ya mipira iliyobadilisha mchezo kweli. Katikati ya karne ya 19 mpira wa utomvu wa gutapacha uliuondoa mpira wa ngozi uliojazwa manyoya. Mwaka 1898 Coburn Haskell wa Marekani akaja na mpira wa nyuzi za raba zilizovingirishwa kwenye kiini, na mwaka 1902 Sandy Herd akashinda The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, pale Hoylake akiutumia. Baada ya hapo aliyebaki na gutapacha alikuwa amebaki nyuma. Kwa miongo mingi wachezaji wa Uingereza walitumia mpira mdogo wa inchi 1.62, uliopenya upepo vizuri kuliko ule wa Kimarekani wa inchi 1.68, hadi The Open ilipoulazimisha huo mkubwa mwaka 1974 na R&A ikaufuta kabisa ule mdogo mwaka 1990.

Tukio la mwisho la aina hiyo wengi wetu tunalikumbuka. Oktoba 2000 Pro V1 iliingia katika ziara ya PGA, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kwenye mashindano ya Las Vegas, na Billy Andrade akashinda nayo wiki hiyohiyo. Tiger Woods alikuwa tayari amehamia mpira usio wa nyuzi, wa Nike, miezi kadhaa kabla yake. Wastani wa umbali wa draiva katika ziara hiyo ulikuwa karibu yadi 273 mwaka 2000. Mwaka 2003 ulikuwa karibu 286. Draiva zenyewe nazo zilikuwa zikikua wakati huo, kwa hiyo si haki kuupa mpira sifa yote. Lakini kuacha mpira wa nyuzi, uliozunguka mno, kulikuwa mruko wa kweli. Mruko huo umekwisha. Leo hakuna anayecheza mpira wa nyuzi ili auache.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote umetoka kwa watunga sheria wenyewe. Desemba 2023 USGA na R&A walitangaza kwamba kipimo cha umbali kitabadilika: mashine itapiga kwa maili 125 kwa saa badala ya 120, na kikomo cha yadi kitabaki palepale. Hiyo itaisukuma nje mipira mingi ya leo. Walipanga wachezaji wa juu waanze 2028, na sisi wengine 2030. Kelele zilikuwa kubwa. Lakini soma makadirio yao: wapigaji warefu kabisa watapoteza yadi 13 hadi 15, na wachezaji wengi wa burudani watapoteza yadi 5 au pungufu. Yaani badiliko la sheria la kuitikisa dunia nzima ya gofu litamgusa mchezaji wa kawaida kwa yadi tano. Sasa boksi mbili zilizo pamoja kwenye orodha ya mipira halali zitakupa tofauti gani?

Linganisha na yanayotokea kwenye fimbo yako. Kanuni ya jumla ni kwamba kila maili moja kwa saa ya kasi ya mpira ni kama yadi mbili. Ukiupiga mpira nje kidogo ya katikati ya uso wa draiva, kasi hupungua kwa maili kadhaa. Pigo lako moja baya linakula zaidi ya kile ambacho mpira wowote unaweza kukurudishia, na mapigo ya namna hiyo yapo katika kila raundi ya mchezaji wa wikendi.

Kuna dhana nyingine ambayo ningependa ife: kwamba mwenye fimbo ya polepole anahitaji mpira laini ili aweze kuubonyeza. Kila anayepiga draiva anaubonyeza mpira, awe mwepesi au mzito wa mkono. Majaribio ya mashine yaliyofanywa mwaka 2019 na MyGolfSpy, tovuti inayojaribu vifaa vya gofu, yaliweka wazi kwamba mipira laini hutoka kwenye draiva ikiwa na kasi ndogo, na kwamba tofauti hiyo ni kubwa kwa wapigaji wa kasi na ndogo kwa wa polepole. Chagua mpira laini kama unaipenda hisia yake, ni sababu halali kabisa. Usiuchague kwa kutafuta yadi.

Basi aina ya mpira ina maana wapi? Karibu na grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, na hapo tofauti ni ya waziwazi. Mpira wenye ngozi ya yurethani, plastiki laini, hushikwa na mifereji ya weji, fimbo ya mapigo mafupi, na kuzunguka kwa nguvu. Wenye ngozi ya ionoma, plastiki ngumu, ambayo ndiyo ya mipira mingi iliyoandikwa umbali, huteleza usoni mwa fimbo na kuondoka na mzunguko mdogo. Katika pigo fupi la weji pengo linaweza kufika maelfu ya mizunguko kwa dakika. Mmoja unadunda na kusimama, mwingine unakimbia kupita shimo hadi upande wa pili wa grini. Draiva utaipiga mara 14 hivi kwa upeo katika raundi, na wengi hawafiki huko. Mapigo ya kuelekea grini na kuizunguka ni mengi zaidi, na ndiyo yanayoamua kadi yako ya matokeo.

Ukitaka kujipima, chukua aina mbili au tatu tu. Anza na pata, fimbo ya kuusukumia mpira shimoni, na mapigo mafupi ya kuchipu, ukiangalia mpira unavyosimama. Rudi nyuma hadi kwenye weji kamili, kisha aini ya saba, fimbo ya umbali wa kati, ukitazama kama mpira unakaa kwenye grini ulipotua. Draiva iwe ya mwisho, na usiamini pigo moja: piga mengi kwa kila aina, ukibadilishana mipira ili uchovu na upepo vigawanyike sawa, kisha tumia wastani. Mpira ulioshinda kwenye grini ukiachwa yadi tatu kwenye draiva, uchukue huo huo.