Wauguzi wenzangu, tuache kuandika 20

Funua faili la mgonjwa katika wodi nyingi tu za Kanda ya Ziwa. Presha imepimwa kwa mashine, joto limepimwa, mapigo yamesomwa kwenye kifaa cha kidoleni. Halafu inakuja safu ya upumuaji, yaani pumzi kwa dakika: 20, 20, 22, 20, 20. Mzee mwenye nimonia 20, kijana aliyeanguka na bodaboda 20, mama aliyejifungua jana 20. Namba hiyo haikuhesabiwa. Imeandikwa ili safu isibaki tupu.

Linaniuma kwa sababu hiyo ndiyo namba inayowahi kubadilika. Mwili ukikosa oksijeni, ukijaa asidi au ukipoteza damu, upumuaji huanza kwenda mbio huku presha bado inasoma 120 kwa 80. Siku presha inapoporomoka na wodi nzima inakimbia, muda mwingi wa kumsaidia mgonjwa umeshatupita, na safu ya 20 ndiyo iliyotuficha.

Hesabu dakika nzima. Kawaida yetu ni kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, lakini itazame hesabu yenyewe: ukipata 5 unaandika 20, ukipata 6 unaandika 24. Katikati hapo hamna kitu. Pumzi moja iliyokupita imegeuka nne, na mgonjwa kavushwa mpaka wa hatari, au karudishwa nyuma yake, na kalamu yako. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, si mbili. Wanafunzi hukosea hapo mara nyingi.

Kwa mtu mzima, ukimaliza mapigo usitoe vidole. Endelea kumshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, macho yako yakiwa kifuani au tumboni pake. Akijua unahesabu pumzi atazibadilisha bila kukusudia. Tumia saa yenye mshale wa sekunde. Simu inazima kioo sekunde ya 30 na hesabu inakupotea.

Mtoto aachwe mapajani mwa mama yake. Asiwe analia wala ananyonya. Mwombe mama amfunue, utazame tumbo, uhesabu kabla hujamgusa kwa kipimajoto na kabla hajatobolewa kidole kwa kipimo cha malaria. Ukishamliza, namba unayoipata ni ya kilio. Aliye chini ya miezi 2 anapumua haraka akifika 60, na ukipata 60 au zaidi rudia mara ya pili, maana watoto wachanga hupumua kwa mafungu: haraka kidogo, kisha kimya kidogo. Wa miezi 2 hadi 11 mpaka ni 50. Wa mwaka 1 hadi kutimiza 5 ni 40. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 25, au akishuka hadi 8, daktari wa zamu aitwe sasa hivi, si wakati wa kukabidhiana zamu.

Najua hoja itakayofuata: oksimita, kile kifaa cha kidoleni, inasoma 98, kuna haja gani ya kuhesabu? Kifaa hicho nakipenda, ila hakijibu swali hili. Kinaonyesha ni asilimia ngapi ya himoglobini, protini ya damu, iliyobeba oksijeni. Hakisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Mtoto wa Magu mwenye malaria kali na himoglobini ya gramu 4 tu kwa desilita, au mwenye selimundu ambaye damu yake imeshuka ghafla, anaweza kusoma 99 huku mwili wake una njaa ya oksijeni. Aliyelala chumba chenye jiko la mkaa anaweza kusoma vizuri pia, kwa sababu kifaa hakitofautishi hewa chafu ya mkaa na oksijeni. Vidole vya baridi, hina na rangi ya kucha huvuruga usomaji, na kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kuliko ukweli. Kivalishwe, kisomwe, kisha pumzi zihesabiwe.

Namna ya kupumua nayo iandikwe. Mtoto anayepumua haraka, mbavu zikibonyea ndani na pua zikitanuka, fikiria mapafu. Anayepumua kwa kina kama aliyekimbia, kifua kikiwa safi ukisikiliza, fikiria asidi: malaria kali, sukari ya kisukari, kuharisha kulikokithiri. Huyu wa pili ndiye tunayemkosea zaidi, kwa sababu hakohoi na mama yake anasema tu "anahema". Mpime sukari hapo hapo. Dawa ya malaria kali kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni atesuneti miligramu 3 kwa kila kilo, si 2.4 kama ya mkubwa, saa ya 0, ya 12 na ya 24. Akiandikiwa damu kamili, mililita 20 kwa kilo ndani ya saa 3 hadi 4, hesabu pumzi kabla ya kufungua, kisha kila dakika 15. Pumzi zikianza kupanda, punguza kasi ya damu na uite daktari. Moyo huenda umeanza kuzidiwa. Tahadhari hiyo hiyo ichukuliwe kwenye dripu za kumiminwa haraka. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi kuliko ambao hawakumiminiwa.

Ziwa lenyewe lina wagonjwa wake. Mvuvi wa miaka 30 anayetapika damu, ambaye kichocho cha tumbo kimekakamaza ini lake kwa miaka na kuivimbisha mishipa ya koo la chakula, atafika mapokezi akitembea. Presha yake itakuwa nzuri. Mwili wa kijana huishikilia presha mpaka karibu theluthi ya damu yake imetoka, kisha huiachia ghafla. Kabla ya hapo vinavyosema ni pumzi na mapigo: pumzi 26, mapigo 115, vidole vya baridi. Ukiyaona hayo usisubiri presha ishuke. Mlaze ubavu, weka kanula (mirija ya mshipani) mbili kubwa, namba 16 au 18, na sampuli ya kupatanisha damu iende maabara wakati mishipa bado inaonekana.

Aliyeokolewa majini naye hudanganya. Ajali za kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 tunazikumbuka sote, lakini wanaoletwa mmoja mmoja kutoka mialoni hawatangazwi popote. Akiwa hapumui, anza kwa kumpulizia hewa, kwa sababu moyo wake umesimama kwa kukosa oksijeni, kisha ukandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Msimbonyeze tumbo kutoa maji. Mtamtapisha na matapishi yataingia mapafuni. Akifika anaongea na anaomba kurudi nyumbani, abaki chini ya uangalizi kwa saa 6 hadi 8, pumzi zikihesabiwa kila nusu saa. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuharibika baada ya saa kadhaa, na anayetoka 18 kwenda 24 hadi 30 anakuonyesha hilo kabla hajaanza kuhangaika.

Upande wa chini tunausahau kabisa. Mama mwenye kifafa cha mimba asipewe dozi nyingine ya magnesiamu salfeti kabla hujahakikisha mambo matatu: pumzi si chini ya 16, goti linaruka ukiligonga, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, zuia dozi. Pumzi zikisimama, mfuko wa kupulizia hewa uanze kazi na kalisiamu glukoneti, inayopinga salfeti, gramu 1 itolewe mshipani polepole. Dawa hiyo iwe kwenye trei ile ile ya salfeti, si kwenye kabati lenye ufunguo wa mtu aliyekwenda kula. Mtoto wa degedege aliyepewa dayazepamu mara mbili ahesabiwe pumzi, asiachwe kwa kuwa "amelala sasa". Na aliyekunywa dawa ya pamba, yaani sumu ya kuua wadudu, tunayempa atropini, tusidanganywe na mboni za macho. Kinachotafutwa ni kifua kukauka na kupumua kuwa kwepesi.

Sasa swali la haki: nesi mmoja, wagonjwa 30, usiku. Dakika 30 za pumzi hana. Basi achague. Walio kwenye oksijeni, waliopewa damu ndani ya saa hizo, waliopewa dayazepamu au salfeti, watoto chini ya miaka 5 wanaoumwa sana, na yeyote ambaye ndugu yake anasema "leo simwelewi". Hao ni 8 au 10, yaani dakika 10. Waliobaki, kama hujahesabu, acha safu wazi. Safu wazi inamwambia anayekuja kwamba hapa hapajatazamwa. 20 ya kubuni inamwambia ajilaze. Ninyi wasimamizi wa wodi mnaofoka mkiona nafasi tupu mna sehemu yenu katika hili. Ulizeni nani pumzi zake zimepanda tangu asubuhi. Na kila chumba kiwe na saa ya ukutani inayotembea. Betri yake ni bei ya vocha.

Ukimpigia daktari, taja namba. "Hali si nzuri" haimwamshi mtu. "Pumzi zilikuwa 22 saa 2 usiku, sasa saa 5 ni 34, oksijeni lita 4 anasoma 91" inamwamsha.

Hapo kwenye lita pana kosa moja la kila wiki. Mashine ya oksijeni ya lita 5 haiwezi kulisha barakoa yenye mfuko. Mfuko unanywea na mgonjwa anavuta hewa yake mwenyewe. Barakoa hiyo inataka lita 10 hadi 15, na mfuko ujae kabla hujamvalisha. Kwenye mashine ya lita 5 tumia mirija ya puani.

Na rufaa za majini. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limewaondolea watu wa Sengerema foleni ya kivuko, lakini wa Ukerewe bado anavuka maji. Mtungi mdogo wa lita 680, ukijaa, kwa lita 5 kwa dakika unadumu saa 2 na dakika 16. Kwa lita 10, saa 1 na dakika 8. Piga hesabu hiyo ukiwa bado Nansio, mji wa Ukerewe, ongeza muda wa kusubiri chombo na wa gari la kumpokea, kisha beba mara mbili yake. Spana ya kufungulia mtungi ifungwe kwa kamba shingoni mwa mtungi kabla mgonjwa hajatoka wodini, na mfuko wa kupulizia hewa ukae mapajani mwako, si kwenye buti la gari.