Kalori za saa ya mkononi na joto la Mombasa

Kuna makala ninayoyajibu hapa, yanayomshauri msomaji aiamini idadi ya kalori inayoonyeshwa na saa ya mkononi baada ya mazoezi, nami naona ushauri huo unahitaji tahadhari, hasa kwetu Mombasa. Saa haipimi kalori zenyewe; husoma mapigo ya moyo na mwendo wa mwili. Kalori hukisiwa kwa kanuni inayojumuisha umri, uzito na jinsia, kwa kudhani kwamba moyo ukienda mbio mwili nao unatumia oksijeni zaidi, ambapo kila lita moja ya oksijeni ni takriban kilokalori 5 (ndizo "kalori" zinazoonyeshwa na saa). Lakini mtazameni anayekimbia kando ya bahari pale Mama Ngina saa tisa alasiri mwezi wa Februari, fulana imemganda mgongoni kwa jasho: sehemu ya mapigo yake hupanda kwa sababu moyo unasukuma damu kwenye ngozi ili kuupoza mwili, ilhali misuli haijaongeza kazi, na saa humhesabia kalori ambazo hakuzitumia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya mkononi, na hata kilichokuwa bora kilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27. Nawasihi wanaopunguza uzito, na zaidi wenye kisukari, wasijiongezee mahamri kwa kutegemea nambari hiyo.