LPN Marekani: kusubiri foleni au kulipa ada kubwa?

Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wanaohamia Marekani huanza na kazi ya CNA, ya kuwahudumia wazee na wagonjwa. Hatua inayofuata ni LPN, yaani muuguzi mwenye leseni wa ngazi iliyo chini ya RN (muuguzi aliyesajiliwa), ambayo Texas na California huitwa LVN: masomo ya mwaka mmoja hivi, kisha mtihani wa leseni wa NCLEX-PN. Ukiomba ushauri kwa waliotangulia, wengi watakuambia uende chuo cha jamii (community college, chuo cha umma) na uviepuke vya binafsi. Ushauri huo una msingi, ila kuna hesabu moja unaiacha nje.

Takwimu za Wizara ya Kazi za Mei 2023 zinaonyesha mshahara wa kati wa CNA ulikuwa dola 38,200 kwa mwaka, na wa LPN dola 59,730. Tofauti inazidi 21,000. Chuo cha jamii ni nafuu, lakini nafasi ni chache, na kuna mahali watu husubiri mwaka mzima au zaidi. Anayesubiri mwaka mmoja anachelewesha kipato hicho kwa mwaka mmoja, hata kama hakuna ankara iliyomfikia. Kwa hiyo chuo binafsi kinachotoza dola 20,000 zaidi na kukupokea muhula ujao si lazima kiwe hasara. Mama anayelea watoto huku akituma pesa nyumbani kila mwezi ana haki ya kuipiga hesabu hii bila kuonekana mjinga.

Lakini hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja, nalo ni kwamba utamaliza na utafaulu. Hapo ndipo vyuo hutofautiana, tena sana. Bodi za uuguzi za majimbo mengi huchapisha kiwango cha ufaulu cha kila chuo. Kitaifa, kwa waliosoma Marekani na kufanya NCLEX-PN kwa mara ya kwanza, ufaulu ulikuwa karibu asilimia 80 mwaka 2022 na ukapanda hadi 86 hivi mwaka 2023. Chuo kilicho chini sana ya hapo kwa miaka kadhaa usikiamini, hata kama ofisa wake wa udahili ni mtu wa kwenu na anaongea lugha yako vizuri. Uliza pia ni wangapi kati ya walioanza wanaomaliza. Kuna vyuo vinavyowazuia wanafunzi dhaifu kwa mtihani wa mwisho wa ndani, ufaulu wa NCLEX ukapendeza kwenye karatasi, huku aliyezuiwa akibaki na deni bila cheti.

Idhini ya bodi ya jimbo ni lazima. Bila hiyo hupati kufanya mtihani. Ithibati ya ACEN au NLN CNEA, mashirika yanayokagua ubora wa mafunzo ya uuguzi, ni ya ziada, lakini ina uzito kwa anayetaka kuendelea hadi RN, kwa sababu masomo ya chuo kisicho nayo mara nyingi hukataliwa kwingine. Na njia ya mkato imeshaumiza watu: Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusu vyeti bandia zaidi ya 7,600 vya uuguzi vilivyotoka vyuo vitatu vya Florida.

Kuhusu malipo, anza na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia masomo. Ruzuku ya Pell, isiyorudishwa, ilifikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024/25, na mwenye green card anaweza kuiomba. Kwenye chuo cha jamii inaweza kubeba sehemu kubwa ya ada. Kwenye chuo binafsi huwa ni kipande tu, na kinachobaki ni mkopo. Mkopo wa benki wenye riba ya juu ndio ninaouogopa kuliko ada yenyewe.

Aliyekwisha kuwa muuguzi nyumbani asikimbilie LPN kabla ya kufanyiwa tathmini ya vyeti, kwa mfano na TruMerit (zamani CGFNS), shirika linalokagua vyeti vya wauguzi waliosomea nje. Huenda akaruhusiwa kufanya mtihani wa RN moja kwa moja.

Baadhi ya nyumba za wazee huwalipia ada CNA wao kwa mkataba wa kuwatumikia baadaye. Kwa mtu asiye na akiba, mimi ningeijaribu njia hii kabla ya mkopo wowote, baada ya kusoma kipengele kinachosema utadaiwa kiasi gani ukiacha kazi kabla muda haujaisha.