Saa 15 za nani?

Shangazi yangu wa Tanga nusura atuwekee msiba wiki iliyopita. Mama alikuwa safarini kwenda New York kumwona mjukuu, shangazi naye, na simu yake mpya, akaingia mtandaoni kutafuta umbali. Tovuti ikamjibu bila haya: Dar es Salaam hadi New York, kilomita 12,400, saa 15. Saa ya 16 akanipigia. Ya 20 akanipigia analia. Ilipofika ya 24 keshamwita ustadhi, mama anasomewa Yasini.

Simu ile ya kwanza ilipoingia, mama alikuwa bado Doha, kule Qatar, anangoja ndege ya pili. Kavua viatu, miguu imevimba, kaiweka juu ya begi lenye dagaa wa mjukuu, anatafuna karanga. Jumla alisubiri pale kwa muda wa saa 11.

Jamani, hizi tovuti zinapiga mstari mmoja juu ya tufe, zinagawa kwa mwendo wa ndege, kilomita 850 hivi kwa saa, zinabandika nusu saa ya kupaa na kutua. Basi, kazi imekwisha! Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi New York haipo, lakini muda wake upo, hadi dakika. Mtu wetu wa kwenda magharibi anaanza kwa kupelekwa kaskazini mashariki. Anaruka karibu saa sita hadi Doha, na akifika pale bado ana kilomita 10,800 mbele yake, yaani katika zile 12,400 kapunguza 1,600 tu. Halafu kiti cha chuma. Halafu saa 14 nyingine. Mama alitua saa ya 31, na hapo sijahesabu saa tatu za kuwahi uwanjani, foleni ya Mbagala, wala foleni ya uhamiaji kule. Kwa hiyo hizo 15 ni za nani? Za kunguru?

Sawa, Nairobi ipo. Tangu Oktoba 2018 wenzetu wanapanda pale usiku na kushukia New York baada ya saa 15 hivi. Hongera zao, nasema shingo upande. Ila nauli ya siku ile niliitazama mara mbili, nikafunga simu.

Na saa za kwenye tiketi ni balaa jingine. 04:10 mama aliisoma saa nne na dakika kumi, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Nilimwandikia kwa kalamu pembeni: SAA KUMI ALFAJIRI, MAMA.

Anarudi Oktoba. Wakati wa kurudi upepo wa juu unaisukuma ndege, ataokoa saa moja na ushee mpaka Doha. Shangazi sijamwambia tarehe.